Taa Nyekundu ya Ambulensi ya Mtandala

Haya niyasemayo yalitokea katika Jamhuri ya Shwari, nchi isiyo na matatizo. Nalitanguliza hilo ili asiwepo wa kudhani kwamba nalalamika. Mimi ni karani wa Kituo cha Afya cha Mtandala, wilaya ya mwisho kabla ya mpaka, na kazi yangu ni kuandika barua kwa lugha ya heshima. Kwa miaka kumi na saba sijawahi kulalamika kwa maandishi. Jina langu ni Elikana, lakini pale kituoni kila mtu ananiita Karani.

Mwaka juzi Serikali ilitupatia ambulensi. Kabla ya hapo, mjamzito aliyezidiwa alipelekwa hospitali ya rufaa ya Isangula kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na shemeji yake, kilomita sitini na mbili. Gari lilikuja jeupe, limefungwa utepe, limeundwa hapa hapa nchini katika Kiwanda cha Taifa. Siku ya kulikabidhi alifika Kamishna wa Dhamana mwenyewe, Mheshimiwa Tulizo, akahutubia kwa saa mbili na nusu. Alisema gari lina dhamana ya miaka mitano, na kwamba dhamana maana yake ni Serikali kuliweka neno lake ndani ya injini. Kisha akainama, akatuonyesha lakiri, muhuri wa madini ya risasi wenye nembo ya Taifa, uliofungwa kwenye boliti za chini.

"Atakayeikata lakiri hii kabla ya Idara yangu," alisema, "ameikata dhamana, na ameukata mkono wa Taifa."

Tukapiga makofi. Wagonjwa wenye nguvu kidogo walitolewa wodini ili nao wapige.

Dereva wetu alikuwa Chesko Mhagama, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyetoka kwenye malori ya mahindi. Alikuwa mpole, na maneno yake yalikuwa machache kama ya mtu anayeyanunua. Gari lile alilipenda. Alikuwa akivua viatu kabla ya kupanda. Muuguzi mfawidhi, Sista Skolastika, mkunga ambaye nusu ya watoto wa Mtandala wamepita mikononi mwake, alikuwa akimtania: "Chesko, siku moja utalitandikia na shuka."

*

Mwezi wa saba, sisi watatu tulikuwa tukirudi kutoka Isangula. Wao walikuwa wamempeleka mtoto mwenye degedege. Mimi nilikuwa nimefuata fomu za kuombea fomu. Tulipokuwa tukiupanda mlima Ngaga, kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone. Niliiona kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele, katikati.

Chesko akaliweka gari pembeni na kuzima injini papo hapo.

"Mbona umesimama?" aliuliza Sista.

"Taa ya presha ya oili, Sista. Zile za njano zinakuomba. Hii inakuamuru."

Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilifika alama ya juu. Badala ya kufurahi, uso wake ukaingia giza.

"Ipo," alisema. "Bora ingekuwa imepungua. Ingepungua tungeongeza tukaenda zetu."

Tukasubiri nusu saa. Injini ilipopoa na kuwashwa, taa ilizimika. Tulipofika juu ya mlima ikawaka tena. Tukaenda hivyo, tukikaa na kuondoka, na safari ya saa moja na nusu ikachukua saa tano.

Kesho yake nilipiga simu Idara ya Dhamana kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Sauti ya upole ikaniuliza, "Taa inawaka moja kwa moja?"

"Hapana. Inawaka injini ikipata moto, ikipoa inazimika."

"Ikizimika si tatizo limekwisha?"

"Lakini inawaka tena, afande."

"Basi hilo ni tatizo jipya. Kila tatizo na fomu yake."

Nikauliza kama wanaweza kutuma fundi. Akasema fundi hatumwi, gari ndilo linalokuja. Nikauliza kama tunaweza kulivuta kwa lori. Akashtuka. Gari linalofika kwa kuvutwa, alisema, linahesabiwa limekwisha kufa, na dhamana inatibu, haifufui. Liende kwa miguu yake. Nikamsomea ukurasa wa arobaini wa kitabu chao wenyewe, ulioandikwa kwa herufi nene: taa hii ikiwaka, zima injini mara moja, usiendeshe. Akanishukuru kwa kusoma. Akasema ni raia wachache wanaosoma.

*

Sista Skolastika hakuridhika. Akamwita Fundi Mwanahawa, mwanamke mwenye gereji chini ya mabati pale njia panda, ambaye matrekta yote ya wilaya yanamjua.

Fundi hakugusa lakiri. Alifungua swichi ya presha ubavuni mwa injini na mahali pake akafunga geji yake yenye mpira mrefu. Injini ya baridi ilipowashwa, mshale ulisimama vizuri juu ya arobaini. Tukatazamana kwa furaha. "Ngojeni," alisema. Tukangoja. Injini ilivyozidi kupata moto, mshale ulishuka kidogo kidogo kama mzee anayeketi, hadi ukafika chini ya tano.

"Taa haisemi uongo," alisema Fundi Mwanahawa akifuta mikono. "Wala swichi si mbovu, maana hii ni geji yangu mimi. Oili ipo chini lakini haipandi juu. Ama pampu imechoka, na gari hili ni jipya mno kuchoka, ama chujio la pampu limeziba. Nipe ruhusa nifungue sampo, hili bakuli la chini, nitakuonyesha kabla ya saa sita."

Boliti za sampo ndizo zilizofungwa lakiri.

"Fungua," alisema Sista.

"Sista," alisema Chesko kwa sauti ndogo, "akifungua, dhamana imekufa. Ikiwa ni pampu, tutaipata wapi? Litakaa juu ya mawe miaka mitano."

"Na nikimzalisha mtu barabarani?"

Wakanigeukia mimi kwa kuwa ndiye msomaji wa kanuni. Nikasema kanuni ziko wazi. Ili kuthibitisha kwamba kosa ni la kiwanda ni lazima sampo ifunguliwe, na ikishafunguliwa kosa si la kiwanda tena. Nilisema hivyo kwa fahari kidogo, kwa sababu ilikuwa kanuni iliyoandikwa vizuri. Fundi Mwanahawa akakunja mpira wa geji yake.

"Mkienda," alimwambia Chesko, "kila kilomita ishirini simama, ipoe. Na uache kusikiliza redio. Sikiliza injini."

*

Makao makuu yako kilomita mia moja na tisini. Tulifika mimi na Chesko baada ya siku nzima, tukalala ndani ya gari nje ya geti la Idara. Mbele yetu kulikuwa na magari ya zimamoto mawili na la kubebea maiti moja. Ndani ya uzio, kwenye foleni ya waliokwisha pokelewa, niliiona ambulensi ya hospitali ya Isangula. Dereva wake alikuwa amefuga ndevu. Alisema huu ni mwezi wa pili na wanamtunza vizuri.

Siku ya tatu tukaitwa. Wataalamu watano wenye makoti meupe walilizunguka gari, wakachomeka kompyuta, wakasoma, wakapeana mikono.

"Hakuna hitilafu," alisema mkubwa wao.

"Mkuu, injini ni ya baridi," alisema Chesko. "Ikiwa baridi oili ni nzito, presha inajifanya ipo. Iacheni iungurume nusu saa. Ikipata moto ndipo itasema kweli."

"Kwa hiyo unataka tuitese mpaka ikiri?"

"Nataka tuione ikiwa kazini, mkuu."

Kanuni ilikuwa dakika tatu. Injini ikaunguruma dakika tatu, taa haikuwaka, wakazima. Chesko akatoa karatasi ambayo Fundi Mwanahawa alikuwa ameandika vipimo vya geji. Mkubwa wao akaishika kwa ncha za vidole na kuuliza fundi huyo amesomea wapi. Chesko akasema amesomea chini ya magari.

Ndipo alipoingia Mheshimiwa Tulizo, akipita katika ukaguzi wake wa wiki. Alipoelezwa hakukasirika. Alimshika Chesko bega kama baba.

"Ndugu yangu," alisema, "gari hili lina nembo ya Taifa. Likisema lina presha ndogo, litakuwa limesema nini juu ya Taifa? Mimi nimekaa serikalini miaka thelathini. Nimejifunza kwamba matatizo mengi ya wananchi ni ya kuona. Mtu haoni, halali vibaya. Akiona, presha inampanda yeye." Akacheka, nasi tukacheka. "Mtengenezeeni."

Wakalitengeneza kwa robo saa. Chesko alichungulia dirishani, akarudi uso wake umebadilika rangi.

"Karani, wamekata waya wa taa."

Na kweli, palikuwa na vipande viwili vya waya sakafuni. Mkubwa wa wataalamu alituletea Hati ya Kupona. Iliandikwa kwamba gari limetengenezwa kwa dhamana, kwamba ni zima kabisa, na kwamba dereva amelikagua na kuridhika. Chini palikuwa na mstari wa sahihi yake.

"Siwezi kusaini," alisema Chesko. "Sijaridhika."

"Usiporidhika gari halitoki. Utakaa na mwenzako wa Isangula."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Simu yangu ikalia. Alikuwa Sista Skolastika, na sijawahi kumsikia akizungumza haraka namna ile. Mwalimu Atukuzwe wa shule ya msingi ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto amelala mkingamo, mkono umetangulia. Lazima apasuliwe. Pikipiki haiwezekani, hawezi kukaa. Gari la diwani limekwenda kwenye uzinduzi. Isangula wanasema ambulensi yao iko matengenezoni.

"Ninaiona hapa, Sista," nilisema.

Chesko alikuwa amesikia yote. Alichukua kalamu, akasaini kwa mkono mzito, akavua viatu, akapanda.

*

Alisimama mara tatu njiani kuipoza injini, kila mara akitazama saa, akipigapiga usukani kwa kidole. Tulifika Mtandala saa kumi alasiri. Mwalimu Atukuzwe alikuwa amelala kwenye benchi la nje, ameshikiliwa na mumewe, midomo imekauka. Hakulia. Alituambia "karibuni," kwa mazoea tu, kama tumemkuta nyumbani kwake.

Tukamlaza nyuma pamoja na Sista na mumewe. Mimi nikakaa mbele. Dashibodi ilikuwa safi, haina hata taa moja, inapendeza kabisa.

Katikati ya mlima Ngaga nilisikia mlio. Ko, ko, ko, chini ya miguu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Chesko aliondoa mguu kwenye mafuta.

"Sista," aliita bila kugeuka, "injini inagonga. Nikisimama nusu saa ikapoa, pengine tutafika. Nikiendelea, inaweza kunoki, ife kabisa."

Nyuma nilisikia Atukuzwe akivuta pumzi.

"Nusu saa hana, Chesko," alisema Sista. "Usisimame."

Akaendelea. Aliendesha akiwa ameinamisha kichwa, sikio lake karibu na usukani, midomo ikisogea. Sijui kama alikuwa akiliombea gari au akiliomba radhi. Tulivuka kilele. Tulivuka daraja. Zikibaki kilomita tisa, ule mlio ukawa nyundo, kisha kitu ndani kikakatika, injini ikakaza na kunyamaza, na gari likajikokota hadi kwenye majani likiwa na uzito wote wa chuma.

Tulimbeba kwa machela, mimi, Chesko, mumewe, na mchungaji mmoja wa ng'ombe aliyeacha mifugo yake barabarani. Sista alikimbia pembeni ameinua chupa ya dripu. Chesko alikuwa peku, hakukumbuka viatu. Tulitembea kama kilomita moja na nusu kabla ya lori la saruji kugeuza na kutubeba.

Madaktari wa Isangula walimwokoa mama. Mtoto alikuwa wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili, mwenye nywele nyingi. Alikuwa amekwisha kufa, pengine muda mfupi tu uliopita, alisema daktari. Pengine dakika ishirini. Sista alimwosha yeye mwenyewe.

*

Fundi Mwanahawa alikwenda na vijana wake kulivuta gari. Safari hii hakuuliza mtu. Aliikata lakiri kwa koleo, akafungua sampo, akatuita. Chujio la pampu lilikuwa limezibwa na mabonge ya gundi ya rangi ya chungwa, ile wanayopaka kiwandani kuunganisha vyuma. Mtu mmoja huko alikuwa amepaka kwa ukarimu mno, ikajikata vipande vipande, ikaelea, ikaenda kuziba.

"Kazi ya saa moja," alisema Fundi. "Kulisafisha, kufunga, kuweka oili mpya. Saa moja." Akakaa chini kwenye udongo.

Niliiandikia Idara kuhusu gundi ile, nayo ikanijibu upesi, jambo lililonishangaza. Kwa kuwa lakiri imekatwa, dhamana imekoma. Na kwa kuwa gari lilikuwa zima kwa mujibu wa Hati ya Kupona iliyosainiwa na dereva mwenyewe, aliyeliharibu ni dereva. Chesko akashtakiwa kwa kusababisha kifo cha injini ya Serikali.

Mahakama ya wilaya ilijaa. Hakimu alikuwa mtu makini mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutazamia watu.

"Mshtakiwa, ulijua kwamba gari ni bovu?"

"Nilijua, mheshimiwa."

"Ukaliendesha?"

"Idara walisema ni zima."

"Kwa hiyo unakubali lilikuwa zima."

"Hapana, mheshimiwa. Lilikuwa bovu."

"Lakini hapa umesaini ni zima. Ama ulidanganya Serikali uliposaini, ama unadanganya mahakama sasa. Chagua."

Chesko alifikiri kwa uaminifu, kama aliyeulizwa njia na mgeni. "Nilidanganya niliposaini," alisema. "Palikuwa na mgonjwa."

Hapo Mwalimu Atukuzwe akasimama kutoka benchi la nyuma. Alikuwa amekonda, amejifunga kitenge kifuani, maziwa yalikuwa bado yanamsumbua.

"Na mtoto wangu?" aliuliza.

Hakimu alibadilisha miwani. Alifunua faili ukurasa kwa ukurasa, kwa haki kabisa, hadi mwisho.

"Mama, pole sana," alisema. "Mtoto hayumo kwenye faili hili. Hapa kuna injini tu."

Kisha nikaitwa mimi. Siku mbili kabla, Mheshimiwa Tulizo alikuwa amenipigia simu mwenyewe. Alizisifu barua zangu. Aliuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja, kwa majina, na shule wanazosoma, na madarasa. Hakusema kitu kingine chochote. Nashuhudia kwamba hakunitisha.

"Shahidi," alisema mwendesha mashtaka, "ulikuwa ndani ya gari hili mara zote. Je, uliwahi kuiona taa ya presha ya oili ikiwaka?"

Nilimtazama Chesko. Nilimtazama Sista Skolastika, aliyekuwa ananitazama bila kupepesa. Nilikuwa nimevaa tai. Nikasema, "Sikumbuki."

Chesko alipewa miaka miwili. Walipokuwa wakimtoa, alipita karibu yangu koridoni na pingu zake. Nilitazama ukuta. Nilitamani anitukane.

"Usijisumbue, Karani," alisema. "Una watoto."

*

Miezi minne imepita tangu siku hiyo. Nimepandishwa cheo, natakiwa kuhamia makao makuu mwezi ujao. Sista Skolastika huniletea rejista za wodi, huziweka mezani, huondoka. Salamu zake ni za kiserikali. Atukuzwe amerudi kufundisha. Jumatano moja alipita kituoni akiwa na darasa lake la pili kwenda chanjo, akawapanga watoto mstari, akawahesabu, akawahesabu tena, akawahesabu mara ya tatu, mpaka Sista akatoka akamshika mkono.

Wiki iliyopita nilisikia kwamba Sista amekata rufaa kwa niaba ya Chesko. Wakili amemwambia rufaa haina miguu bila shahidi aliyeiona taa. Nikasoma sheria, kwa kuwa kusoma ndiyo kazi yangu. Katika Jamhuri ya Shwari, shahidi aliyesahau kisha akakumbuka anashtakiwa kwa kosa la Kukumbuka kwa Kuchelewa, na adhabu yake ni miaka mitatu. Ni sheria iliyoandikwa vizuri. Niliisoma mara nyingi nikitafuta mlango, sikuuona.

Juzi nilikwenda kwa Sista, nikasimama mlangoni mwa wodi ya wazazi.

"Iliwaka," nilimwambia. "Mlima Ngaga. Ilikuwa nyekundu, ina umbo la birika. Nilikuwa nimekaa katikati yenu."

Alikuwa amembeba mtoto wa mtu. Hakunikaribisha, wala hakunisamehe. "Jumatatu saa tatu, mahakamani," alisema. "Usichelewe."

Leo ni Jumapili. Mke wangu, Leokadia, amenipigia pasi shati jeupe. Nimemweleza kila kitu, pamoja na ile simu ya majina ya watoto, ambayo sikuwahi kumwambia. Alinyoosha kola taratibu, upande wa ndani, upande wa nje, pasi ikitoa mvuke.

"Utarudi?" aliniuliza.

"Sijui."

Akaning'iniza shati msumarini, akatazama kama lina mkunjo.

"Basi njoo ule," alisema. "Watoto wanakusubiri mezani."